Sheria Hubadilika, Mtoto ni Yule Yule: Maisha ya Kardinali Otunga



Jumapili moja baada ya ibada katika kigango chetu hapa Matuga, bwana mmoja na mkewe walinisubiri chini ya mwembe. Wameoana kanisani miaka saba iliyopita na hawajajaliwa mtoto. Jamaa za bwana wamechoka kungoja, nao wanamshauri aongeze mke au amrudishe huyu kwao. Rafiki yao amewaambia kuna madaktari wanaoweza kutungisha mimba nje ya mwili wa mama, yaani watoto wa chupa kama watu wanavyosema. Juma lile lile walikuwa wamesikia redioni mabishano ya sheria ya kutoa mimba. Wakaniuliza kama mambo hayo mawili yanahusiana, na kama sheria ya nchi ikiruhusu jambo, je, Mkristo naye ameruhusiwa?

Niliwaomba wanipe siku chache. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu, naye akasema nisiwape maneno matupu, niwape maisha ya mtu. Ndipo nikamkumbuka Kardinali Maurice Otunga. Huenda wewe msomaji utashangaa. Mtu ambaye hakuoa wala kuzaa atatufundisha nini sisi tuliooana? Nakuomba unifuate pole pole, kisha uamue mwenyewe.

Mtoto wa boma kubwa

Otunga alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, upande wa Bungoma, magharibi mwa Kenya. Alipewa jina la Simiyu, ambalo Wabukusu humpa mtoto aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Baba yake, Namachanja, alikuwa chifu mwenye sifa na mwenye wake wengi. Basi mtoto huyu hakukulia katika nyumba ya mume, mke na watoto wawili. Alikulia katika boma lenye mama wengi na ndugu wengi.

Wewe unayeishi Matuga unajua maboma ya namna hiyo. Siku zile, na hata leo katika nyumba nyingi, mke alipimwa kwa watoto wake. Aliyezaa sana alikaa kwa heshima, na asiyezaa alikaa pembeni na kunyamaza. Kwa hiyo usidhani kwamba kijana huyu alikuja kuzungumza juu ya uzazi bila kujua uzito wake. Alijua tangu utoto kwamba mtoto ni mali, ni jina, ni kiti cha ukoo.

Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 12, alibatizwa. Baadaye aliingia seminari, akaendelea na masomo huko Gaba nchini Uganda, kisha akapelekwa Roma. Inasimuliwa kwamba baba yake alimtaka arithi uchifu, lakini kijana akachagua upadre. Tarehe 3 Oktoba 1950 alipewa daraja takatifu huko Roma.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, jambo hilo lilivyokuwa zito kwa ukoo wake. Mwana wa chifu anaacha kiti, anaacha wake, anaacha watoto ambao wangebeba jina lake. Kwa hesabu za boma, huyo amepotea. Lakini watu waliokuja kumwita baba hawahesabiki. Hapo pana neno kwa wale wawili waliokaa chini ya mwembe. Mtu hakosi thamani kwa kukosa mtoto wa kumzaa, na ndoa haikosi kuwa ndoa kwa sababu chumba cha watoto ni kitupu.

Ng'ambo ya kivuko

Jambo moja wengi wa Pwani hawalijui. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1956 Padre Otunga aliishi na kufanya kazi Mombasa. Siku zile mjumbe wa Baba Mtakatifu katika sehemu hizi alikuwa na ofisi yake Mombasa, na Otunga alihudumu katika ofisi hiyo. Basi unapovuka kwa feri ya Likoni ukitoka Matuga, kumbuka kwamba huko ng'ambo aliwahi kukaa padre kijana ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa kwanza wa Kenya.

Mwaka 1957 alipewa uaskofu akiwa na miaka 34, kuwa askofu msaidizi wa Kisumu. Mwaka 1960 akawa Askofu wa Kisii. Alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1969 alihamishiwa Nairobi, mwaka 1971 akawa Askofu Mkuu, na mwaka 1973 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita akamfanya Kardinali. Pamoja na vyeo hivyo alijulikana kwa maisha ya kawaida na kwa kuwasikiliza maskini.

Wakati nchi ilipoanza kuhesabu watoto

Sasa tuje kwenye jambo letu. Mwaka 1967 Serikali ya Kenya ilifanya uzazi wa mpango kuwa mpango wa taifa, ikawa ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Sababu zilieleweka. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba kwa wastani mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8. Mashamba yalikuwa yale yale, shule zilikuwa chache, na akina mama walichoka.

Tarehe 25 Julai 1968 Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wake wa Humanae Vitae. Wengi husema waraka ule uliwaamuru Wakatoliki wazae bila hesabu. Sivyo. Ulisema wazazi wana wajibu wa kufikiri juu ya idadi ya watoto, kwa afya ya mama, kwa hali ya nyumba na kwa mahitaji ya wengine. Ila ulikataa vidonge na vifaa vya kuzuia mimba, na ukakataa kabisa kutoa mimba. Njia uliyoiachia ndoa ni ile ya asili, yaani kuzijua siku ambazo mama anaweza kupata mimba, na kwa makubaliano ya wawili kujizuia siku hizo.

Otunga aliyashika mafundisho hayo bila kuyumba miaka yote ya uaskofu wake. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini huwezi kusema aligeuka kufuata upepo. Wafadhili walikuja na fedha, maofisa walikuja na takwimu, magazeti yakamwita mtu wa zamani. Yeye alibaki pale pale: kwamba mtoto ni mtu tangu anapotungwa, na kwamba tendo la ndoa na uzazi havipaswi kutenganishwa kwa nguvu.

Tarehe 25 Julai 1978, miaka kumi kamili baada ya waraka ule, alizaliwa huko Uingereza mtoto Louise Brown, wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Kumbe lile lililotenganishwa upande mmoja sasa lilitenganishwa upande wa pili! Kidonge kilileta tendo bila mtoto, na maabara ikaleta mtoto bila tendo. Mwaka 1987 Kanisa lilitoa hati ya Donum Vitae kujibu jambo hilo. Ilisema mtoto anayezaliwa kwa njia hiyo apendwe na kupokewa kama mtoto yeyote. Lakini ilikataa njia yenyewe, kwa sababu mtoto hatoki katika tendo la wazazi wake, na kwa sababu mara nyingi hutungwa viini vingi, vingine vikatupwa au kugandishwa kwenye barafu.

Hapa ndipo lilipo jibu la wale wawili. Kutoa mimba, dawa ya uzazi na watoto wa chupa vinakutana katika swali moja: mtoto anaanza lini? Sheria ikijibu swali hilo mahali pamoja, jibu lake linaenea kila mahali.

Moto wa Uhuru Park

Miaka ya 1990 ilikuwa migumu. Ukimwi uliingia katika kila kijiji. Serikali na mashirika walileta mipira ya kondomu na vitabu vya kuwafundisha vijana mambo ya ngono. Viongozi wengi wa Kiislamu waliyapinga mafunzo hayo pia. Agosti 1996, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Kardinali Otunga aliongoza watu kuchoma maboksi ya kondomu na vitabu hivyo mbele ya umati.

Sitakuficha, ndugu msomaji. Watu wengi walikasirika, na wengine hawajamsamehe mpaka leo. Walisema mzee asiye na mke anachoma kitu ambacho kingeokoa maisha. Mimi mwenyewe nimekaa kitandani pa wagonjwa hapa Matuga, nimezika baba na mama wa nyumba moja katika mwaka mmoja, na najua uchungu wa swali hilo kwa wanandoa ambao mmoja wao ana virusi. Mwenye shida hiyo asikae nayo peke yake. Amwendee daktari wake na padre wake, na mume na mke waende pamoja, kwa maana siri ndiyo iliyowaua wengi.

Lakini tusimkumbuke mtu kwa moto wa siku moja tu. Alichotaka kusema ni kwamba mwili wa binadamu una heshima, na kwamba vijana wetu wanaweza kufundishwa kujitawala. Mzazi anayewaachia redio na marafiki kazi hiyo asimlaumu Kardinali.

Mwaka 1997 alistaafu, akaenda kuishi katika Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini, Nairobi, pamoja na wazee wasio na watu. Mwana wa chifu akafia karibu na waliosahauliwa. Aliaga dunia tarehe 6 Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 80. Kanisa limeanza kuchunguza maisha yake, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Sheria ilivyotembea

Siku alipokufa, wajumbe walikuwa wakikutana Bomas of Kenya kujadili Katiba mpya. Mpaka wakati huo tulikuwa na sheria ya jinai tuliyorithi kwa Waingereza. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Lakini sheria hiyo hiyo ilimlinda daktari anayempasua mama kwa nia njema ili kuokoa maisha yake.

Katiba ilipitishwa kwa kura tarehe 4 Agosti 2010. Inasema uhai unaanza mimba inapotungwa. Inasema pia kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, ila pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine imeruhusu. Maaskofu wetu walipinga kifungu hicho, kwa sababu neno afya linaweza kupanuliwa sana. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi, hapa hapa Pwani, iliamua kwamba kutoa mimba ndani ya mipaka hiyo ni haki ya Kikatiba, na mabishano ya mahakamani yakaendelea.

Wakati huo huo watoto wa kwanza wa chupa nchini walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Mwaka 2014 mswada wa kusimamia matibabu hayo uliletwa Bungeni, na miswada mingine ikafuata. Unaona ugumu wake? Ikiwa uhai unaanza mimba inapotungwa, basi viini vilivyomo kwenye barafu ni nini? Mali ya wazazi, au watoto wao?

Marekani waligongana na swali hilo waziwazi. Juni 2022 mahakama yao ya juu iliondoa haki ya kutoa mimba iliyokuwapo kwa nchi nzima tangu 1973. Februari 2024 mahakama kuu ya jimbo la Alabama ikaamua kwamba viini vilivyogandishwa vinahesabiwa kuwa watoto. Baadhi ya hospitali zikasimamisha matibabu mara moja, na wanandoa waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki njiani. Mwezi uliofuata jimbo likatunga sheria ya kuwakinga madaktari. Watu waliokuwa wakitafuta mtoto walishangaa kuguswa na sheria waliyodhani ni ya wale wasiotaka mtoto.

Nasi pia tuliguswa kutoka mbali. Mwaka 1984 Marekani iliamua kutoyapa fedha za uzazi wa mpango mashirika ya nje yanayofanya au kutetea utoaji mimba. Amri hiyo iliondolewa 1993 na kurudishwa 2001. Iliporudi, FPAK, chama cha kupanga uzazi cha Kenya, kilikosa fedha na kufunga baadhi ya zahanati zake. Tangu hapo imekuwa ikiondolewa na kurudishwa kila serikali yao inapobadilika, na mwaka 2025 ilirudishwa tena. Mkatoliki anaweza kuiunga mkono nia yake. Hata hivyo, mama aliyekuta mlango umefungwa hakuja kutoa mimba. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Yaliyotupata sisi

Niruhusu nikusimulie yaliyonipata mimi. Katika mwaka wa pili wa ndoa yetu mke wangu alishikwa na maumivu makali ya tumbo usiku. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, ndani ya mrija. Mahali pa kwanza tulipofika, mhudumu aliogopa kutugusa akidhani sheria itamkamata kwa kutoa mimba. Tulipofika pa pili, daktari alikuwa tayari, lakini safari hii niliyeogopa ni mimi. Nilishika kalamu nisitie sahihi, nikidhani natenda dhambi kubwa, huku mke wangu akipoteza damu. Ni dada yake aliyenipigia kelele nikatia sahihi.

Baadaye padre alinieleza kwamba kuukata mrija ulioharibika ili kumwokoa mama, hata kama mtoto hawezi kuokoka, si sawa na kutaka kumwua mtoto. Sheria ya nchi nayo ilikuwa inaruhusu tangu zamani. Ujinga wangu ulikaribia kunifanya mjane. Mrija mmoja ulikatwa, nasi tulidhani mambo yamekwisha. Mungu alitujalia watoto wawili baadaye. Lakini hata angetunyima, mke wangu alikuwa hai.

Tufanyeje basi?

Otunga alikuwa ameamua moyoni mwake mtoto ni nani kabla sheria yoyote haijamwuliza. Nasi tuamue hivyo, mume na mke, siku ya amani, tusingoje usiku wa maumivu.

Wale wawili wa chini ya mwembe niliwaambia haya. Kwanza, waende hospitali pamoja, na mume apimwe pia, maana mara nyingi tatizo liko kwa mume, na mke ndiye anayelaumiwa. Pili, wajifunze njia ya asili ya kuchunguza ute. Wengi huijua kama njia ya kuahirisha mimba tu, kumbe siku za ute wa majimaji unaovutika ndizo siku za kuitafuta. Haina gharama. Tatu, dawa na upasuaji unaosaidia mwili kufanya kazi yake, kama kuzibua mirija, Kanisa halikatai. Nne, kabla ya kufikiria maabara, waulize bila aibu: vitatungwa viini vingapi, na vitakavyobaki vitafanywa nini? Wasipopata jibu wazi, wasitie sahihi. Tano, wapo watoto wanaohitaji wazazi, na kumlea mmoja kwa kufuata sheria ni ubaba na umama wa kweli.

Na kwako dada ambaye uliwahi kutoa mimba na umebeba siri hiyo miaka mingi: mlango haujafungwa. Tangu mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote ruhusa ya kudumu ya kuondolea dhambi hiyo katika kitubio. Nenda bila hofu. Nawe bwana, kama ulimlazimisha au ulimkimbia, nenda pia.

Yule bwana hajaongeza mke. Walipofika mara ya mwisho, walikuwa wameshika kadi mbili za hospitali, yake na ya mkewe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, tumewahi kukubaliana tutafanya nini mimba ikileta hatari kwa mama? Nani ataitwa, na nani atatia sahihi?

2. Jamaa wakitusukuma kwa ajili ya mtoto, nani kati yetu hubeba lawama? Ni haki?

3. Tunaamini nini juu ya mtoto aliyetungwa: tunachokiamini ni chetu, au tunangoja Nairobi watuambie?

Mungu abariki ndoa zenu.